Mwenye Miguu Mitatu

Kengele niliinunua Chake, ndogo mfano wa kizibo cha soda,
kwa fundi Khelef anayeuza redio maiti kwa kilo.
"Inalia," akasema. Hakusema italia kwa nani.

Konde, msimu wa vuli, majamvi manane ya karafuu uani,
na shangazi yangu, Bi Time, sikio moja limeshafunga duka.
Zamani mvua ilikuwa na mpiga mbiu wake: jirani, Mwanasha.
Akiliona wingu anapasua: "Zianueni!"
na mtaa mzima unakunja jamvi.
Mwanasha kahamia Unguja kwa mwanawe,
sauti kaondoka nayo.

Basi nikatega sahani ya shaba yenye mistari;
tone likidondoka, mistari inashikana, chipu inajua.
Kujua si tabu. Tabu kusema.

Nikaunga kengele moja kwa moja kwenye mguu wa chipu.
Ikalia kama mbu ndani ya chandarua cha mtu mwengine.
Chipu ikapata homa, nikaondoa kidole.
Mguu ule ni wa kunong'ona tu:
miliampea ishirini, na hapo umeshaupekua mfuko wake wote.
Kengele inataka sabini.

Ndipo nikamtafuta huyu, mweusi, kifua bapa,
miguu mitatu kama mafiga wala hapiki.
Transista.
Emita nikaishusha ardhini,
kolekta nikaifunga kwenye hasi ya kengele,
chanya ikapanda betri.
Ukimnong'oneza beisi, anafungua mfereji
baina ya wale wawili, na umeme wa betri
unapita na vishindo vyake
bila kubisha hodi kwa chipu.

Wa kwanza nilimuua.
Sikuweka rezista kwenye beisi;
nilimpigia kelele mtu wa kunong'onezwa.
Harufu yake ilikaa na ya karafuu mpaka Isha.
Wa pili nikampa rezista ya omu elfu moja,
na dayodi mgongoni mwa kengele, imegeuzwa kinyume,
maana koili ukiikatia umeme ghafla
hurusha teke kama punda aliyevuliwa matandiko.

Jumanne, jua la utosi, ikalia.
Ikalia! Bi Time, huyo huyo wa sikio lililofunga duka,
kanga imemshuka begani, anakokota jamvi;
watoto wa Faki wakaruka ua kusaidia;
majamvi yote ndani kabla sijapata viatu.
Mbingu kavu kama kigae.

Kuku, juu ya sahani.
Alikuwa ameshamaliza haja yake, anatutazama.

Shangazi akakaa juu ya karafuu, akahema,
akacheka mpaka akashika mbavu.
"Kino kina sauti ya Mwanasha," akasema,
"na uongo wake vilevile."

Alasiri nilipanda juu ya bati na sahani na misumari miwili.
Kule juu nikaliona wingu, dogo, upande wa Micheweni.
Sikusema kitu.
Nilitaka kusikia.