Siku ya Mashine

Saa mbili kasorobo gari jeupe linasimama mlangoni
na Vazgen ndiye wa kwanza kushuka:
koti la suti, tai, soksi mbili zisizojuana.
Namshika kidole hata hajanisalimu.
Tone moja. Mia moja arobaini na nne.
"Mbona unanitoboa, binti?"
Una kisukari, mzee.
"Nani, mimi?" Anacheka, dhahabu ya meno yote nje.
"Tangu lini?"

Tangu miaka ishirini na sita.
Yeye amekisahau kisukari,
kisukari hakijamsahau.
Kinajua kilikokwenda kidole cha mguu wa kushoto
ambacho yeye hukitafuta kila akivaa kiatu.

Katika faili lake maradhi yamepangwa moja moja,
kila moja na daktari wake,
kama wapangaji wa nyumba moja wasiosalimiana.
Mimi ndiye ninayewakuta jikoni:
usahaulifu unakunywa chai mara ya pili, mara ya tatu,
mkate na jamu ya aprikoti juu yake,
na bili inapelekwa kwa figo.

Huku Glendale asubuhi milima ni mikavu, rangi ya ngozi ya simba.
Ndani, runinga inasema Kiarmenia.
Arusyak anashika kikombe kwa mikono miwili
na bado chai inatetemeka kabla yake.
Siranush, mrija wa oksijeni puani,
anauliza basi la Gyumri linaondoka saa ngapi.
Linachelewa, namwambia. Kaa kidogo.

Na pale dirishani, bao la nardi.

Hrachik alikuwa akija Jumanne na Alhamisi tu.
Siku nyingine alikuwa wa mashine:
damu yake ilitoka matembezini nje ya mwili
ikarudi imefuliwa, naye hoi.
Lakini Jumanne! Dadu zililia juu ya ule ubao,
wakatukanana kwa lugha tatu,
mmoja hana figo, mwingine hana jana,
na sijapata kuona watu wawili waliokamilika vile.

Mwezi wa pili Hrachik hakuamka.

Nilimwambia Vazgen ukweli. Ndivyo nilivyofundishwa,
na mama, na chuo, na kanisa letu kule Iloilo.
Alilia kama mtoto aliyeachwa sokoni.
Hakugusa chakula; sindano ya asubuhi ilikuwa imeshaingia;
saa saba nikamkuta jasho, midomo myeupe,
arobaini na moja,
nikamminyia asali ndani ya shavu.

Kesho yake akauliza: "Hrachik yuko wapi?"

Nikamwambia tena.
Akafiwa tena, upya kabisa, bila hata siku moja ya matanga kumtangulia.

Jioni ile Nazeli, binti yake, alikuja kumchukua.
Alisimama na funguo za gari mkononi, akasema,
"Dada, baba yangu amzike mtu mmoja mara ngapi?"

Basi sasa kila siku ni siku ya mashine.
"Hrachik yuko wapi?"
Anasafishwa damu, mzee.
"Ah. Maskini. Leo Jumatano?"
Leo Jumatano.
Ni Jumanne. Ni Alhamisi. Kalenda ya ukutani
nimeigeuza uso, nayo hainishtaki.

Leo baada ya kipimo cha saa nne
amepanga kete za pande zote mbili.
Anarusha dadu zake, anasogeza.
Anarusha za mwenziwe: tatu na mbili.
Anatazama huku, anatazama kule,
ananitazama mimi,
na kwa kidole kimoja, polepole,
anasogeza kete ya Hrachik hatua sita.

"Mwizi huyu," ananinong'oneza. "Huwa nanyamaza tu."