Mstari wa Penseli

Suruali ya Krismasi ya mwaka juzi
bado inamtosha Gwamaka.
Mwanzoni nilifurahi. Nikasema, Tukuyu hii ya mvua na bei,
nani hupata nguo ya kudumu hivi?
Nikaifua, nikaianika juu ya jiko,
nikamvika tena, ikamkaa
kama ilivyomkaa.

Baba yake, Andongwisye, ni seremala.
Presha ilimpanda mwaka ule wa mbao za Kiwira.
Akakata nyama. Akakata mayai. Akakata maziwa,
kwa msumeno uleule usiorudi nyuma.
Akala majani, matunda, karanga za kuhesabu,
na kweli, namshuhudia: presha ilishuka,
tumbo likarudi ndani ya mkanda,
akapanda kilima cha sokoni bila kusimama.
Kilichomponya akakifanya sheria ya nyumba.
"Damu yangu ndiyo damu yake," alisema,
akimtazama mtoto wa miaka miwili.

Ng'ombe akakamuliwa alfajiri kama kawaida.
Maziwa yakapita puani kwa Gwamaka
yakielekea kituo cha kukusanyia,
naye kashika kipande chake cha tango
kwa adabu ya mgeni.

Hakulia. Hilo lilinitisha baadaye.
Wenzake wakikimbiza kuku migombani
yeye alikaa karakana, kwenye maranda,
akiyapanga kwa ukubwa, taratibu,
kama mzee anayesubiri pensheni.
"Mtulivu huyu," watu walisema. "Ana akili."
Nami nikaitikia.

Kliniki, nesi Mgaya alimning'iniza kwenye mizani,
akatia nukta, akaiunga na nukta ya nyuma.
Kwenye kadi kuna njia zinazopanda
kama barabara ya kwenda Isongole.
Ya mwanangu ilikuwa imelala.
Hakunigombeza. Aliuliza tu, "Anakula nini?"
Matembele, nikasema. Tango. Ndizi. Uji mweupe.
Nikasikia mdomo wangu mwenyewe
ukitaja mlo wa mtu mzima anayepungua.
"Baba anapunguza," akasema, "huyu anajenga.
Anayejenga humlishi
posho ya anayebomoa."

Nikaufikisha ujumbe nyumbani.
"Mizani ya serikali ina kutu," alijibu,
wala hakuinua macho kwenye randa.
Sikubishana. Nilichomoa penseli sikioni mwake.
Basi pima wewe. Kwa futi yako.

Akamsimamisha kwenye fremu ya mlango
pale alipomchora Pasaka ya mwaka jana,
visigino nyuma, kidevu sawa.
Akavuta mstari.
Penseli ikaingia kwenye mtaro wake wa zamani.
Akadhani mkono umeteleza. Akafuta kwa kidole gumba.
Akapima tena, yeye anayewaimbia vijana wake
pima mara mbili, ukate mara moja.
Mara ya tatu alipima kimya.
Gwamaka alisimama wima, kabana pumzi,
akijitahidi kumsaidia.

Hakusema nimekosea.
Alikaa kwenye benchi, futi ikajikunja yenyewe
ikaingia kwenye gamba lake kwa kishindo,
na mvua ikaanza, ile ya kwetu isiyoomba ruhusa.

Kesho yake ndoo ya kituo ilipungua kikombe.
Karani akauliza, kulikoni?
"Nimepata mteja mwingine," akasema Andongwisye,
akatia sahihi.

Yeye bado anakula majani yake, upande wake wa meza,
na simlaumu, yamempa uhai.
Upande wa pili kuna yai limekatwa vipande vinne,
maharage yamepondwa,
na mtu mdogo mwenye masharubu meupe.

Mstari haujapanda. Ni wiki ya tatu tu.
Suruali naitazama kila nikiianika,
natamani siku itakaponiaibisha kwa ufupi wake.
Lakini leo asubuhi aliinuka kwenye maranda
akamfukuza kuku, hatua sita,
kisha akakaa.
Nilizihesabu.