Neno la Siku

Saa kumi na moja na nusu, Nkuhungu.
Vumbi bado limelala.
Ndahani anapuliza filimbi: kuruka, kuchuchumaa,
kisha neno la siku, huku akihema:
"Goti halijachoka. Aliyechoka ni yule anayelihesabia."

Mama Mbeleje, sukari kumi na nne,
raba za mwanawe, kamba moja nyekundu,
hucheka: "Liambie basi lenyewe!"
na kuchuchumaa tena.

Leo Ndahani kaja bila neno.
Jana kazika.
Filimbi inaning'inia shingoni,
upepo unatutia mchanga menoni,
hakuna anayejua pa kuanzia.

Ndipo Mama Mbeleje, polepole, akashuka:
moja.
Tukashuka naye.
Mbili.
Kwenye tatu, au nne, sikuhesabu vizuri,
goti la Ndahani nalo
likakunjika.