Tokeni

Wiki ya tatu, Isevya, saa saba usiku.
Nafunga kifuniko cha kompyuta, nahesabu kumi,
nafungua:
skrini inaamka na michirizi ya zambarau
kama kitenge kilichomwagikiwa jiki.

Si kila mara. Hilo ndilo linaloniudhi.
Mara thelathini italala na kuamka kwa adabu,
ya thelathini na moja inaropoka.
Kosa lenye haya: ukilichungulia, halipo.

Nimelifuata mstari kwa mstari.
Kiendeshi kinaambiwa, lala.
Kinaanza kuhamisha kumbukumbu ya kadi ya michoro,
ukurasa baada ya ukurasa, kuzipeleka kusikokatwa umeme,
na nyuma yake uzi mwingine, hauna hili wala lile,
bado unaandika kwenye kurasa zizo hizo.
Mmoja anahama nyumba,
mwenzake anapanga vyombo kabatini.

Mezani nagandamizia karatasi kwa duara la chuma
ambalo Mjomba Nkwabi alistaafu nalo bila ruhusa ya stesheni.
Reli ilikuwa moja, asema. Kutoka hapa hadi Usoke
dereva asiyeshika hii hatoki,
hata awe amebeba waziri.
Kisha akarudi kwenye kiinua mgongo chake kisichofika,
na chai yangu ikapoa nikilitazama lile duara.

Nikaandika kufuli.
Kwanza nililiandika vibaya: wawili wakangojana,
kila mmoja amekumbatia anachokitaka mwenziwe,
na mashine ikalala usingizi wa jiwe.
Nikala ugali baridi, nikafuta, nikaanza upya.

Anayetaka kuzima, ashike kwanza.
Asubiri waliomo wamalize, watoke, wa mwisho avute mlango.
Ndipo ahamishe. Ndipo azime.
Atakayefika kachelewa asivunje kitasa;
akae kibarazani hadi kuche.

Saa tisa kasorobo Luku ikaisha.
Feni ikakata kauli,
betri ikapungua hadi mashine ikajilaza yenyewe,
bila mimi kuiamuru, gizani, kazi ikiwa wazi.
Nikapapasa simu, nikanunua tokeni nyingine,
tarakimu ishirini, kidole kikitetemeka kwenye mita.

Taa.
Nikafungua kifuniko taratibu.

Hakuna zambarau. Kishale kinapepesa
palepale nilipokiacha, katikati ya neno.

Nikachukua daftari, nikaandika: moja.
Zimebaki mia mbili tisini na tisa.