Jiwe Lenye Vyumba

Tengeru, saa nane mchana. Nje kahawa imechanua
na harufu yake imeingia maabara bila kubisha.
Nimelisaga jiwe la Meru, lile la majivu ya kale,
nikalichekecha, nikalikandamiza kwa jeki ya tani tano
likawa kidonge, kidogo kuliko shilingi mia.
Pande zote mbili nimelipaka fedha.
Sasa limelala kati ya sahani mbili
kama mgonjwa anayesubiri kuulizwa.

Nauliza kwa umeme.

Hezi kumi: nenda, rudi. Nenda, rudi.
Humo vyumbani sodiamu zinanyanyuka,
zinasogea hadi ukutani, zinarejea,
kila moja ina wasaa wa kuitika.
Namba kwenye kioo inapanda hadi naitilia shaka:
punje ya mwamba imeshika chaji kuzidi kimo chake.
Kilohezi: nyingine zinachelewa.
Megahezi: amri zimekuwa nyingi mno,
nendarudinendarudi, na hakuna inayoondoka.
Namba inashuka. Jiwe limerudi kuwa jiwe.

Napandisha joto. Kwenye nyuzi mia maji yanatoka,
yale yaliyokuwa yakizishika mkono.
Vyumba vinakauka, na sodiamu, zikiwa peke yake,
zinang'ang'ania kuta kama mtoto siku ya kwanza ya shule.
Ili ivuke mlango mmoja tu, mmoja,
ioni inadai joto. Kiasi inachodai nimekiandika
kwa penseli, maana kalamu ya Kaaya haiandiki.

Jumapili nilipanda Ngarenanyuki.
Mama aliniuliza, kiganja mdomoni
(ndivyo anavyocheka, ndivyo anavyouliza,
tangu usichana, meno yake rangi ya chai ya rangi):
"Hilo jiwe lako, Anaeli, litatusafishia maji?"

Ningesema ndiyo. Mama hana kipimo.
Lakini kuta za jiwe hili ni hasi, floridi nayo ni hasi,
na hasi kwa hasi hazikaribishani.
Linapokea kalsiamu, linapokea potasiamu,
hata risasi ya betri chakavu linailaza ndani;
floridi inapita kibarazani bila kutazamwa
na kushuka moja kwa moja hadi kwenye ndoo.
"Bado, mama. Labda tukilivisha alumini."
Akanimiminia maji. Nikanywa.

Saa tisa na robo umeme umekatika.
Feni imejizungusha mara tatu, ikakoma.
Kioo cheusi. Ila najua kidongeni
hazikusimama kwa pamoja: zinatulia
moja moja, kila moja na muda wake,
nyingine hazijapata habari
kwamba aliyekuwa akiita amenyamaza.

Nimekaa na penseli yangu.
Kaaya ameenda kutafuta dizeli ya jenereta.
Nikapiga mwayo, mdomo wazi, mikono mapajani,
mimi mwenye meno yale yale.