Hamna Kitu Humo

Ghalani Newala, saa saba mchana, mizani ikipumzika,
tunakaa juu ya magunia matupu, kila mtu na bakuli lake.
Nandonde analifunua la kwake: kichwa cha changu, macho na yote.
Likwata ana utumbo, ananyonya vidole kwa sauti.
Mimi mbaazi. Jana mbaazi. Juzi kunde.
"Karani," anasema Nandonde,
"mshahara umekwama kwako peke yako?"

Wanacheka. Nacheka nao, ndiyo kodi yangu.
Wameshanipima mara ngapi, hawa wapima korosho!
Mwezi wa kwanza: vidonda vya tumbo.
Wa pili: presha, masikini, na umri wenyewe ndio huo.
Wa tatu wakasikia nimehamia kwa Wasabato.
Wa nne Likwata akaninong'oneza,
kuna mganga Kitangari anafungua miiko,
bei ya maelewano.

Sijawaambia la mbuzi.
Ningesemaje? Kwamba Idi ya mwaka juzi nilishika kamba,
na yule beberu, kisu kikinolewa nyuma yake,
akalamba chumvi ya jasho kiganjani mwangu,
taratibu, kidole kwa kidole,
kama mgeni anayemaliza sahani aliyokaribishwa?
Nilimshika mpaka mwisho. Na nyama yake nilikula.
Ilipita wiki ndipo mkono ulipokataa.

Jumamosi nikaenda kwetu Mnyambe.
Mtoto wa dada katoka jandoni, na mjomba ndiye mimi.
Mjomba! Jina zito, lina kiti chake na lina kipande chake:
firigisi ikaja kwenye kisahani peke yake,
imefunikwa kawa, imebebwa kwa mikono miwili.
Ua mzima ukanyamaza. Hata kuku waliosalia wakanyamaza.
Nikasema, "Mpeni kijana. Ndiye aliyevuka."

Mama mdogo Somoe akadaka haraka:
"Ana mwiko! Wa upande wa baba yake!"
Watu wakapumua. Mwiko wanaujua.
Mwiko una mwenyewe, na mwenyewe ana kaburi.
Ukikatazwa, wewe bado mtu wa watu.
Ukijikataza, wewe ni wa nani?
Ningenyamaza tu, uongo wake ungenivusha.
"Si mwiko," nikasema. "Ni mimi tu."
Lo.

Usiku mama hakunigombeza.
Alipuliza moto, akasema akinipa mgongo:
"Mwaka ule wa njaa, wewe nimekubeba mbeleko,
nilichimba ming'oko mpaka kucha zikabanduka.
Majani tulikula. Nani alituuliza kama tunayataka?
Nikaapa, huyu akikua atakula nyama
mpaka amwachie paka.
Sasa umekua. Unarudi porini kwa miguu yako,
tena na shati la kola."

Wengi nimewajibu kwa utani. Hilo sikulijibu.
Mpaka leo naliweka kwenye mizani,
mshale unacheza, unacheza, hautulii.

Alfajiri nilisikia kinu ndani ya usingizi.
Kulipokucha akaniita: ugali wa muhogo,
kisamvu cha nazi na karanga, kinafuka.
"Kula. Hamna kitu humo."

Nikala. Katikati ya bakuli,
kwenye ule ukijani mzito,
jicho moja la dagaa likanitazama.
Nikamtazama mama. Mama akatazama bati la paa,
kana kwamba mvua imeanza.
"Kamoja tu," akasema hatimaye. "Kuleta ladha."

Nikakaweka ukingoni mwa sahani.
Paka akaja, akakamaliza, akalamba na ukingo.
Mama aliguna; sijui kama kilikuwa kicheko.
Halafu akaniongeza kisamvu,
akiuchungulia upawa kwanza.