Daftari la Punda Arobaini

Baba alikuwa na dawa yake ya vidonda vya mabega:
manjano, mafuta ya nazi, na kitu cha tatu
ambacho hakukitaja hata kwenye homa yake ya mwisho.
Alinirithisha kopo. Nikaenda kusoma, nikarudi na cheti,
nikaendelea kuchota kwenye kopo lile lile,
maana punda walipona, nami niliwaona kwa macho yangu.

Macho yangu.

Nyamvula Mwachiti, viatu vya mpira, daftari la mistari,
alinikuta Kongowea nyuma ya magunia ya vitunguu, akauliza:
"Na wale usiowapaka, Daktari, hupona wangapi?"
Nikafungua kinywa. Akaingia nzi.
Sikuwahi kumhesabu asiyepakwa.
Nani humtazama punda asiyemlipa?

Basi tukapiga kura.
Vijiti arobaini ndani ya kofia ya Shekuwe muuza maji:
kirefu, chupa ya kijani; kifupi, chupa ya bluu.
Moja ina dawa ya baba. Nyingine mafuta ya nazi matupu,
yametiwa rangi na harufu
ili pua zetu zisitoe ushahidi.
Anayejua ipi ni ipi yuko ng'ambo, Likoni,
na siri yake imo ndani ya bahasha iliyopigwa lakiri.

Shekuwe akanuna: "Wangu apewe ya kweli."
"Siijui ya kweli," nikamwambia.
Mara ya kwanza kusema hivyo mbele ya mwenye mali,
na ulimi ulikuwa kama mguu ndani ya kiatu cha mtu.

Wiki sita, kila Jumatatu, rula na uzi.
Punda aitwaye Harusi Kesho alimpiga Nyamvula teke la paja.
Akaandika: tarehe; kidonda, sentimita tatu; teke, moja.

Bahasha ilifunguliwa juu ya meza ya kukatia samaki.
Kijani: walipona kumi na wanne kati ya ishirini.
Bluu: kumi na watano.

Nilizihesabu upya. Nikazihesabu kwa vidole, kama mtoto.
Kisha nikakumbuka: wote arobaini
tuliwawekea gunia laini chini ya nira.
"Kumbe ni gunia!" nikapaza sauti.
"Labda," akasema Nyamvula, hajainua kichwa.
"Gunia hatukulipigia kura."

Mwezi ule ule, Mkomani, mama akaninyooshea mguu,
kidonda cha sukari chini ya kidole gumba.
"Nipake ile ya marehemu."
Ningemwambia nini? Kwamba punda ishirini wameikana?
Punda si mama. Ngozi yake haikuwamo kwenye kofia.
Na mama hakuuliza habari ya dawa tu.

Nikampeleka hospitali. Tabibu kijana, Mbwarali,
alikikagua kidonda, akakisafisha,
akaagiza kiatu kigumu cha kuupunguzia mguu uzito.
Nikamuuliza umejuaje. Hakusema "uzoefu wangu."
Alisema: kuna watu waliokubali kupigiwa kura,
huyu kiatu, yule kiatu kingine, wakahesabiwa wote.
Nikawawaza, wageni wale wenye vidonda vyao,
walioingia bila kujua kura itawaangushia upande gani,
ili mama wa mtu mwingine, Mkomani,
alalamikie kiatu kibaya kuliko vyote alivyowahi kuvaa.

Wao waliulizwa, wakaitika.
Punda hatukuwauliza.

Kopo la baba liko juu ya kabati.
Kuna usiku nalifungua, nalinusa, nalifunika.

Na kwenye daftari, mstari wa thelathini na tisa,
kwa mwandiko wa Nyamvula uliolala upande:
*Chupa ya kijani. Wiki ya nne hakuja.
Yasemekana ameuzwa Kilifi.
Ahesabiwe.*